Kumpeleka mjukuu Lushoto kwa gari la kulala

Likizo ya Juni huangukia msimu wa baridi, Mlima Kilimanjaro unapojifunika wingu kutwa nzima na watoto wa Moshi kushinda ndani wakigombania rimoti. Kwa bibi au babu ambaye bado anaendesha, huo ndio wakati wa kumchukua mjukuu, mmoja tu kwa safari ya kwanza, na kushuka naye hadi Lushoto kwa siku nne mkilala ndani ya gari.

Magari yenye hema juu ya paa hukodishwa Arusha, lakini Noah ya nyumbani inatosha. Ondoa viti vya safu ya mwisho peke yake, kwa kuwa vya kati ndivyo atakavyokalia mtoto akiwa amefunga mkanda, na jioni mtavikunja ili kupata nafasi ya godoro. Kumlaza juu ya godoro gari likiwa mwendoni ni hatari, hata akikuomba namna gani. Pima sakafu kwa futi kabla ya kwenda dukani. Mimi nilinunua sponji la inchi 4 kwa kukadiria kwa macho, likajikunja mlangoni kama chapati, na usiku wa kwanza mjukuu wangu aliteremka taratibu hadi miguuni pangu, kisha akauliza gizani, "Bibi, mbona tunahama?"

Usiku, vioo viwili vinavyotazamana viachwe wazi upana wa vidole vitatu, na juu ya nafasi hizo mbandike vipande vya chandarua vilivyoshonewa sumaku ndogo pembeni, maana Same na Mombo ni maeneo ya joto yenye mbu hata wakati Moshi mnavaa masweta. Mtungi wa gesi wa kilo 6 wenye jiko lake juu utawafaa, mradi mpikie nje na mfunge koki kabla ya kulala. Jiko la mkaa lisiingie garini kabisa, hata baridi ya Lushoto iwabane vipi, kwa kuwa moshi wake una hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, ambayo humuua mtu akiwa usingizini. Blanketi la ziada lina kazi zaidi.

Beba pia nakala ya cheti cha kuzaliwa cha mtoto, kadi yake ya bima ya afya na barua fupi ya wazazi yenye namba zao za simu. Pembetatu za tahadhari na kizima moto najua unavyo. Hakikisha tu kwamba kizima moto hakijapitwa na muda.

Siku ya kwanza msizidi Same, ambako ni takribani kilomita 105 kutoka Moshi. Ondokeni saa mbili asubuhi, pumzikeni Mwanga, na kabla ya saa tisa alasiri muwe mmeshapata nyumba ya wageni au hosteli ya kanisa yenye geti na mlinzi, itakayowaruhusu kuegesha uani na kutumia choo kwa malipo kidogo. Kulala kando ya barabara kuu msijaribu. Njiani mwonyeshe mtoto reli inayoandamana na barabara, ambayo ilianza kujengwa kutoka Tanga mwaka 1893, na mpe kazi ya kuhesabu mara mnazoivuka. Kazi hiyo humnyamazisha kuliko simu. Asubuhi ya pili, geti la Zange la Hifadhi ya Mkomazi liko karibu sana na mji wa Same, ila nendeni na kadi ya benki, kwa kuwa fedha taslimu hazipokelewi getini.

Sehemu inayotaka uangalifu kuliko zote ni kilomita 33 kutoka Mombo kupanda Lushoto kupitia Soni, barabara ya lami iliyojaa kona. Mtoto asipande akiwa ameshiba sana wala akitazama simu. Atazame mbele, kioo kiwe wazi, na mfuko usiovuja uwe mkononi mwake, usiwe chini ya mizigo. Lushoto laleni usiku mbili, na nendeni kwenye genge la Irente asubuhi mapema, mtoto aone nchi ya chini aliyoipita jana.

Wakati wa kurudi, teremkeni kwa gia ndogo, ileile ambayo ungepandia. Mara ya kwanza nilikanyaga breki mfululizo, na tulipopita Soni garini kulinuka kama mpira unaoungua. Ukisikia harufu hiyo, egesha mahali palipo wazi, magurudumu yapoe yenyewe bila kumwagiwa maji, kisha mmenyee mtoto chungwa na msubiri nusu saa nzima kabla ya kuendelea.