Somo: Kuonyesha The Greatest Showman uwanjani usiku

Wadau, filamu hii ya 2017 ya Hugh Jackman na sarakasi yake ni nyimbo mwanzo mwisho. Kwa hiyo hela ianzie kwenye spika, shuka ya kuonyeshea baadaye.

1. Ruhusa. DVD ya dukani ni ya kutazama nyumbani. Ukikusanya mtaa, unahitaji ruhusa ya mwenye filamu. Ofisi ya serikali ya mtaa nayo ijue mapema, kelele zisije zikawa kesi.

2. Muda. Hapa Dar mimi huanza saa mbili na robo, watu wametoka Isha. Filamu ni dakika 105, saa nne watoto wanarudi nyumbani.

3. Shuka. Nyeupe, pana mita 3, na kitambaa cheusi nyuma. Pembeni funga kwa vipande vya mpira wa baiskeli badala ya kamba tupu. Upepo ukija shuka inanesa tu, haipasuki. Projekta ya lumeni 3,000 (kipimo cha mwanga) inatosha.

4. Sauti. Spika ya ndani ya projekta isahau. Toa waya kwenye kompyuta hadi mikisa (mashine ya kupanga sauti), kisha spika mbili, juu kidogo ya vichwa vya waliokaa. Zikiwa chini, safu ya mbele inameza sauti yote. Mara ya kwanza jenereta niliiweka nyuma ya shuka. Ule wimbo wa taratibu wa Jenny Lind, yule mwimbaji wa kike kwenye filamu, ukaimbwa na jenereta, kina mama wakakunja mikeka. Siku hizi inakaa mita 30, nyuma ya ukuta. Wa umeme, tazameni LUKU kwanza!

5. Waliozoea kibanda umiza watataka DJ wa kutafsiri. Sawa, ila wimbo ukianza maiki izimwe.

MASWALI

— Mkuu, spika ya Bluetooth je?
Usithubutu. Sauti inachelewa, midomo inatangulia.

— TV ya inchi 55?
Kwa watu 20 barazani, sawa. Uwanjani hapana.

— Mwanangu anauliza kama ni kisa cha kweli.
P. T. Barnum, anayeigizwa na Jackman, alikuwepo kweli, Mmarekani, 1810 hadi 1891. Ila filamu imempaka asali, dada. Mwaka 1835 alimzungusha Joice Heth, bibi mweusi aliyekuwa mtumwa, akiwatoza watu kiingilio wamwone na kudai ana miaka 161. Hilo halimo. Mimi huwaambia watu kabla sijawasha.

— Mvua ikinyesha?
Zima umeme, okoa projekta. Shuka iache ilowe.