Kuchagua mashine ndogo ya boti ziwani: anza na futikamba na mizani

Kijana akija bandani kwetu Kirumba, Mwanza, kando ya Ziwa Victoria, kutaka ushauri wa mashine, swali la kwanza huwa lile lile: "Fundi, kumi na tano inatosha?" Nami humuuliza, "Mdogo wangu, itoshe kusukuma nini?" Hapo wengi hunyamaza. Hajapima chombo wala hajui uzito wa mzigo wake. Ameona tu wenzake pale soko la samaki la Mwaloni wamefunga hospawa 15 (hospawa ndiyo kipimo cha nguvu ya mashine), naye anataka hiyo hiyo.

Mwongozo huu ni wa mwenye chombo cha mita 3 hadi 5: mtumbwi wa mbao wa kukagulia nyavu, kiboti cha faiba cha kushushia watu kutoka boti kubwa iliyotia nanga, au boti ya mpira ya kujaza upepo. Vyombo vikubwa vya dagaa na vya abiria vina hesabu nyingine, sitavigusa hapa.

Utahitaji futikamba, mizani, kalamu na karatasi. Pesa iache nyumbani kwanza.

Hatua ya 1: Jua kama chombo chako kinalima maji au kinateleza juu yake

Hii ndiyo hatua inayookoa pesa nyingi kuliko zote, na ndiyo inayorukwa.

Kipandishe chombo mchangani, ukae nyuma yake, uangalie tumbo. Kama tumbo ni la mviringo, au lina mkuku (ule uti unaopita katikati chini ya chombo), na nyuma kumebanwa na kuinuka kidogo, hicho ni chombo cha kulima. Kinapita ndani ya maji, kinayasukuma pembeni. Kama tumbo ni bapa, pana mpaka mwisho kabisa, na chombo chenyewe ni chepesi, hicho kinaweza kuteleza: kikipata nguvu ya kutosha kinanyanyuka na kukimbia juu ya maji.

Chombo cha kulima kina mwendo wake wa mwisho, na hauongezeki kwa kuongeza mashine. Kikienda, kinatengeneza wimbi moja mbele na jingine nyuma, na kinabaki kimenaswa katikati ya mawimbi yake yenyewe. Kuujua mwendo huo, pima urefu wa sehemu inayogusa maji kwa mita, tafuta kipeuo chake cha pili, uzidishe kwa 4.5. Jibu ni kilometa kwa saa. Mtumbwi wenye mita 4 majini unafika kilometa 9 kwa saa, basi. Ukiufunga mashine kubwa zaidi, nyuma itadidimia, mbele itainuka, maji yatatoka povu jingi, na mwendo utabaki pale pale. Petroli ndiyo itakayokimbia.

Hatua ya 2: Pima uzito wote

Mbao zilizokaa majini miezi mingi ni nzito kuliko zilivyokuwa kwa seremala, kwa hiyo usitumie uzito wa kukumbuka. Omba mizani ya samaki, pima mbele ya chombo, kisha nyuma, ujumlishe. Ukikosa mizani kabisa, linganisha na mifuko ya sementi: mfuko mmoja ni kilo 50, na wanaume wanne wanaobeba chombo watakuambia bila kusita kama wamebeba mifuko mitatu au minne.

Kisha ongeza kila kitakachopanda. Huu ni mfano wa mtumbwi wa mita 4.2: mbao kilo 160, watu wawili kilo 140, lita 20 za petroli kilo 15, mashine kilo 27, nyavu na nanga kilo 40, samaki kilo 100. Jumla kilo 482. Mwenye mtumbwi wa namna hii huwa ananiambia "ni kama mia mbili hivi."

Hatua ya 3: Kokotoa hospawa, halafu ongeza za mwinuko

Kwa chombo cha kulima, ziwa likiwa limetulia, hospawa 4 hadi 5 kwa kila tani moja zinatosha. Mtumbwi wetu wa kilo 482 unahitaji hospawa mbili na nusu tu. Ziwa halitulii siku nzima, kwa hiyo zidisha mara mbili, upate akiba ya kurudi na upepo usoni. Tumefika 5.

Kwa chombo cha kuteleza hesabu ni nyingine: hospawa 1 kwa kila kilo 25, na hapo ni kwa kubahatisha kidogo. Kiboti cha faiba chenye uzito huo huo wa kilo 482 kinataka hospawa 19 au 20 ili kinyanyuke.

Sasa itazame ile 15 ya kila mtu. Kwa mtumbwi wa kulima ni mara tatu ya inayohitajika. Kwa kiboti cha kuteleza kilichojaa mzigo haitoshi kukinyanyua. Imekaa katikati, na mwenye nayo analipa petroli kila siku kwa nguvu isiyomfikisha popote. Mashine yenyewe ni nzuri sana, na kwa mtumbwi wa mita 7 ningeitaja ya kwanza. Kwa kiboti chepesi cha watu wawili wasio na mzigo, kilo 300 kwa jumla, pia inafaa. Kwa wengine wengi wanaokuja kwangu si mashine yao.

Kuna jambo la kwetu ambalo muuzaji wa pwani hatakwambia. Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya hapa ni nyepesi kwa karibu sehemu moja ya kumi kuliko ya Dar es Salaam, na mashine hupumua hewa hiyo hiyo. Nguvu iliyoandikwa kwenye kava imepimwa kwa hewa nzito ya chini. Kwa hiyo 15 yako hapa inafanya kazi kama 13 na nusu, na 8 kama 7 na kidogo. Ongeza sehemu ya kumi kwenye jibu lako. Mtumbwi wetu uliohitaji 5 sasa unahitaji 5 na nusu: nunua 6. Ukiona 8 ndiyo ina spea nyingi mtaani, chukua 8. Nami ndiyo ninayoipendekeza mara nyingi, kwa sababu mashine isiyo na spea Mwanza ni mzigo tu.

Kama chombo ni cha kiwandani, soma kibao kilichopigwa nyuma au pembeni. Kimeandikwa mwisho wa hospawa na mwisho wa uzito. Usivuke hapo.

Hatua ya 4: Pima ubao wa nyuma

Weka futikamba juu kabisa ya ubao unaobeba mashine, katikati, ushuke wima mpaka chini ya tumbo. Mashine ndogo zina mguu wa aina mbili kuu: mfupi, kwa ubao wa sentimita 38, na mrefu, kwa ubao wa sentimita 51. Mashine ikishakaa, lile bamba bapa lililo juu ya propela liwe usawa wa tumbo la chombo au lishuke chini yake kwa sentimita mbili au tatu. Likiwa juu zaidi, propela inavuta hewa: mashine inapiga kelele na chombo hakiendi. Likiwa chini sana, unaburuta chuma majini na unakwenda kutafuta mawe.

Na Mwanza mawe yapo. Miaka yangu ya mwanzo nilimfungia mteja mashine ya mguu mrefu kwenye kiboti cha ubao mfupi, kwa kuwa ndiyo iliyokuwepo siku ile. Tulipozunguka rasi ya Capripoint propela iligonga jiwe ambalo wote tulilijua, ambalo kwa mguu mfupi tulikuwa tunapita juu yake siku zote. Zile sentimita 13 za ziada zilitufikisha kwake. Pini ya propela ilikatika, upepo ukaanza kutusukuma kwenye miamba, tukapiga kasia zaidi ya saa nzima. Mteja alikuwa na mwanawe wa miaka sita ndani. Tangu siku hiyo sifungi mashine kabla ya kupima ubao, hata mtu akinisihi.

Ubao ukiwa katikati, tuseme sentimita 44, mwite seremala auinue au aukate. Usimwachie mashine kazi ya seremala.

Hatua ya 5: Ya kuchanganya oili na petroli (two-stroke), au yenye oili mahali pake peke yake (four-stroke)?

Hapa kwetu mashine hailali kwenye chombo, wezi wanaifuata. Jioni inafunguliwa, inapanda begani au kwenye bodaboda, inalala chumbani. Kwa hiyo uzito wake si jambo la kusoma na kusahau. Hospawa 8 ya kuchanganya oili na petroli ina kilo 27 hivi, ya oili peke yake inakaribia kilo 40. Kwenye hospawa 15 ni kilo 36 kwa karibu kilo 50.

Ya kuchanganya ni nyepesi, rahisi kutengeneza, na fundi yupo kila mwalo. Ya oili peke yake hupunguza petroli kwa robo hadi theluthi, haitoi moshi mwingi, na ni tulivu. Ila ukiilaza upande usio wake, oili huingia kwenye silinda. Mvuvi anayetembea saa moja kwa siku na kubeba mashine mwenyewe, namshauri ya kuchanganya. Mwenye kiboti cha wageni kinachozunguka kisiwa cha Saanane kutwa nzima, chenye mahali pa kufungia mashine kwa usalama, ya oili peke yake itamrudishia pesa yake.

Ukichukua ya kuchanganya, nunua oili ya mashine za majini, chupa imeandikwa TC-W3. Oili ya pikipiki imetengenezewa injini inayopozwa na hewa, isikudanganye kwa bei. Kipimo kifuate kitabu cha mashine. Kama kinasema 50 kwa 1, lita 20 za petroli zinataka mililita 400 za oili. Ikiwa mpya, saa 10 za kwanza kwa kawaida ni 25 kwa 1, yaani mililita 800. Tumia kikombe chenye alama. Macho hayapimi oili.

Hatua ya 6: Hesabu petroli ya kurudi

Mashine ya kuchanganya ya hospawa 8 ikifunguliwa mpaka mwisho hunywa lita tatu na nusu hadi nne kwa saa. Ya 15 hunywa sita hadi saba. Kwa mtumbwi wetu, mwalo wa kilometa 9 kwenda na 9 kurudi ni zaidi kidogo ya saa mbili, lita 8 au 9. Gawa petroli mafungu matatu: la kwenda, la kurudi, la dharura. Kwa hiyo hapo beba lita 13. Ngurumo na mvua za ziwa hili hujikusanya sana usiku na alfajiri, wakati ule ule wavuvi wako majini, na lile fungu la tatu ni la wakati huo.

Hatua ya 7: Ukinunua mtumba

Uliza kwanza mashine ilifanya kazi wapi. Iliyotoka Tanga au Zanzibar imekunywa maji ya chumvi. Jaribu boliti moja ya chini kwa spana: ikiwa imeganda na ina unga mweupe, njia za maji ndani zina hali hiyo hiyo. Fungua skrubu ya chini ya gia uone oili. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Pima mgandamizo wa silinda zote kwa geji. Zikitofautiana zaidi ya sehemu moja ya kumi, rudisha pesa mfukoni. Iwashe ikiwa ndani ya pipa la maji, maji ya kupoza yatoke kwa nguvu kama uzi uliovutwa. Yakitoka kwa matone, impela (kile kigurudumu cha mpira ndani ya pampu ya maji) imeliwa na mchanga, na hiyo ni spea ya kubadilisha bila kusubiri.

Namba ya mashine ilingane na ya kwenye risiti. Namba iliyokwaruzwa ina maana kuna familia mahali fulani inayoitafuta hiyo mashine. Usiinunue.

Hatua ya 8: Siku ya kwanza majini

Vaeni maboya, wote. Kamba ya kuzimia mashine ifungwe mkononi mwa anayeendesha. Chukua kasia mbili, pini za akiba na koleo. Funga mashine kwa kamba imara kwenye chombo, maana vibanio hulegea kwa mtikisiko. Chombo kinachobeba watu kwa malipo kikaguliwe na TASAC, shirika la serikali linalosimamia usalama wa vyombo vya majini, kabla hakijaanza kazi.

Pakia mzigo wa kawaida. Mashine mpya isifunguliwe mpaka mwisho kwa muda mrefu katika zile saa 10. Iliyokwisha kuzoea, ifungue yote kwa dakika moja ukiwa na kipimo cha mizunguko. Kama haifikii mizunguko iliyoandikwa kitabuni, propela ni kali mno kwa hewa yetu: badilisha uweke yenye mwinamo (mlalo wa mabawa yake) mdogo kwa inchi moja, utapata mizunguko 150 hadi 200 zaidi. Magugu maji yakinasa, zima kabisa kabla hujapeleka mkono nyuma.

Ukirudi, kaza vibanio tena, kisha fungua plagi uitazame. Ikiwa ya kahawia, mashine inapumua vizuri. Ikiwa nyeusi na yenye unyevu, na oili ulipima sawasawa, kabureta bado inamimina petroli ya usawa wa bahari. Mwambie fundi aweke jeti, kile kitundu cha kupitisha petroli, ndogo zaidi.