Presha ya Mimba na Moyo wa Mtoto: Mambo ya Kuzingatia Kabla

Presha ikimpanda mja mzito, nyumba nzima huwa na dua moja: ajifungue salama. Akishajifungua, mama mzima na mtoto mzima, watu humshukuru Mungu, kadi ya kliniki hutiwa kabatini na habari ya presha haitajwi tena. Mtoto akija kufika darasa la tano au la sita, akapelekwa kituoni kwa jambo jengine, hakuna anayeuliza mimba yake ilikwendaje. Na ingefaa iulizwe, kwani presha ile inaweza kuacha alama katika mishipa na moyo wake. Alama yenyewe ni ndogo lakini hudumu, na mengi ya kuipunguza yanataka mtu ajitayarishe mapema.

Presha ya mimba huhesabiwa pale kipimo kinapofika 140 kwa 90 au zaidi baada ya wiki ya 20, kwa mama ambaye kabla hakuwa nayo. Ikifuatana na protini kwenye mkojo, au dalili za ini, figo au ubongo kuguswa, hapo ndipo panapoitwa dalili za kifafa cha mimba. Mara nyingi chanzo kiko kwenye kondo la nyuma. Katika mimba ya kawaida mishipa inayolilisha kondo hutanuka sana ili damu ipite kwa wingi. Hapa kutanuka huko hakukamiliki. Mtoto anapopata damu na oksijeni pungufu, mwili wake huupa ubongo kwanza, na viungo vyengine vikakua kwa kubania. Figo zinaweza kuumbika na vichujio vichache, na vichujio hivyo haviongezeki tena baada ya kuzaliwa. Kuta za mishipa nazo huwa ngumu kidogo. Ongeza kwamba wengi wa watoto wa mimba hizi huzaliwa kabla ya wakati.

Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa 2012 ulikuta kuwa watoto na vijana hawa wana presha iliyo juu kuliko wenzao kwa takriban 2.4 kwenye namba ya juu na 1.4 kwenye ya chini. Utasema hiyo si kitu. Kwa mtoto wa miaka kumi, kweli si kitu. Lakini watu waliozaliwa Helsinki, Finland, kati ya 1934 na 1944 walifuatiliwa hadi uzeeni, na wale ambao mama zao walikuwa na dalili za kifafa cha mimba walipata kiharusi karibu mara mbili ya wengine. Hii haina maana kwamba mtoto ameandikiwa maradhi. Wengi wanaishi salama. Ana sababu moja zaidi ya kuangaliwa, basi.

Pemba nayo imo katika utafutaji huu. Maabara ya Afya ya Jamii Ivo de Carneri, pale Wawi, Chake Chake, ilishiriki pamoja na Bangladesh na Pakistan katika utafiti wa AMANHI ulioratibiwa na Shirika la Afya Duniani. Damu, mkojo na vipande vya makondo ya akina mama viliwekwa akiba ili zitafutwe ishara za mapema za matatizo ya mimba.

Sasa tuje kwenye matayarisho, na la kwanza ni kabla hata ya kushika mimba. Mwanamke anayetumia dawa za presha amwambie daktari kwamba anataka mtoto. Enalaprili, kaptoprili na losartani zinaweza kumdhuru mtoto tumboni, hasa figo zake, hivyo hubadilishwa kwa dawa kama methildopa au nifedipini. Asiziache mwenyewe kwa kuogopa, maana presha isiyotibiwa nayo inamuumiza mtoto yule yule. Na asiyejua presha yake apime. Watu wengi wana presha miaka na hawana habari, kwa kuwa haiumi.

La pili ndilo linalonikera zaidi, na hapa nitakaa kidogo. Kwetu mimba changa haisemwi. Mtu anaficha kwa kuogopa hasadi na macho ya watu, mpaka tumbo lijiseme lenyewe, na kliniki anakwenda mwezi wa tano au wa sita. Ila ipo dawa moja nyepesi, aspirini ya dozi ndogo, ambayo Shirika la Afya Duniani linapendekeza miligramu 75 kila siku kwa mwenye hatari kubwa: aliyewahi kupata kifafa cha mimba au dalili zake, mwenye presha ya zamani, kisukari au maradhi ya figo, mwenye mapacha. Hii inatakiwa ianze kabla ya wiki ya 20, na inafaa zaidi karibu na wiki ya 12, wakati kondo bado linajijenga. Anayekuja mwezi wa sita amekuta mlango umefungwa. Ficha kwa jirani, ficha kwa wifi ukitaka. Mkunga ni lazima ajue. Na ukumbushwe: utafiti uliofanywa Zanzibar 2009 na 2010, ambapo akina mama walitumiwa ujumbe wa simu, ulikuta asilimia 44 ya waliotumiwa walihudhuria kliniki mara nne au zaidi, dhidi ya 31 kwa wasiotumiwa. Kama hakuna wa kukutumia, mume aweke tarehe kwenye simu yake.

Ulizia pia vidonge vya kalisi (chokaa ya mifupa). Kwa sehemu ambazo chakula chake hakina kalisi ya kutosha hupendekezwa gramu 1.5 hadi 2 kwa siku, na kwa chakula pekee ni shida kufika hapo. Dagaa wanaoliwa na miba yao wanasaidia, lakini dagaa wetu huchemshwa kwa maji ya chumvi kabla ya kuanikwa, kwa hiyo waroweke na uyamwage yale maji. Ng'onda naye vivyo hivyo. Ramadhani ikikukuta na presha, zungumza na daktari mapema kuhusu saumu na saa za dawa. Mja mzito anayehofia nafsi yake au mtoto ana ruhusa ya kula na kulipa baadaye.

Nauli iwekwe kando, tena kwa wa Tumbatu, Kojani au Fundo iwepo na ya chombo, na nahodha ajulikane jina na namba ya simu. Kichwa kinachouma kisitulie, ukungu machoni, maumivu kwenye chembe ya moyo, uso kuvimba ghafla: hayo hayangojei asubuhi. Akianguka kwa mtukutiko, wapo watakaosema kapandwa na shetani. Msomeeni dua njiani, hakuna anayekatazwa, ila msimnyweshe kombe wala chochote akiwa hajitambui, maana kitaingia mapafuni. Alazwe ubavu wa kushoto, apelekwe hospitali apate sindano ya magniziamu salfeti, dawa ya kuzuia mtukutiko huo.

Kabla hamjaruhusiwa kutoka hospitali, omba jambo dogo ambalo halina gharama: historia ya mimba iandikwe kwenye kadi ya mtoto. Mstari mmoja unatosha, mfano, "Mama presha ya mimba tangu wiki 31, 150/100, methildopa, kazaliwa wiki 36, kilo 2.1." Kadi ya mama hupotea. Ya mtoto hutunzwa, kwa kuwa inaulizwa kwenye chanjo na skuli. Ipige picha vilevile.

Wakati wa arubaini presha inaweza kupanda tena, au ikaanza hapo hapo, kwa hiyo mzazi anayelalamika kichwa asiambiwe ni uchovu. Apimwe, na anapotoka arubaini apimwe tena. Dawa nyingi za presha hazizuii kunyonyesha, na maziwa ya mama ni moja ya vitu vilivyoonekana kuusaidia moyo wa mtoto aliyezaliwa njiti. Mdogo sana abebwe kifuani, ngozi kwa ngozi, afungwe kwa kanga. Halafu bibi azuiwe kwa adabu: mtoto aliyezaliwa na kilo mbili hahitaji kuwa tipwatipwa akiwa na mwaka mmoja. Kuzaliwa mdogo kisha kunenepa haraka utotoni ndiko kunakoongeza hatari ya moyo.

Kuanzia miaka mitatu apimwe presha mara moja kwa mwaka. Aliyezaliwa njiti au na uzito mdogo, hata kabla ya hapo. Akae dakika chache ametulia, mgongo umeegemea, miguu imefika chini. Angalia kile kitambaa kinachofungwa mkononi: cha mtu mzima kinampwaya, na kipimo hutoka chini kuliko ukweli, kinachombana hutoa cha juu. Usilinganishe na namba zako. 120 kwa 80, ambayo kwa baba haimshughulishi mtu, kwa mtoto wa miaka minne ni ya juu. Ikionekana juu mara moja, irudiwe siku nyengine kabla ya kutiana hofu.

Pimeni na ndugu zake. Utafiti wa Norway ulikuta kwamba watoto wa mama mmoja, yule wa mimba yenye presha na yule wa mimba isiyo na presha, walikaribiana sana katika presha na uzito walipokuwa watu wazima, yaani sehemu ya tatizo ni damu ya ukoo na chungu wanachokula pamoja. Chumvi basi ipunguzwe kwa wote, na juisi za pakiti zisiwe za kila siku.

Binti aliyezaliwa kwenye mimba ya namna hii naye ana hatari zaidi ya kupata dalili za kifafa cha mimba, kwa hiyo akiolewa apewe habari yake, aende nayo kliniki siku ya kwanza. Kijana wa kiume hali kadhalika: mimba ya mke wake nayo ina hatari kidogo zaidi, na hilo mama mkwe ndiye wa kumwambia mkwewe.