Jinsi ya kwenda kutembea Jbel Saghro, Moroko, bila kuumbuka

Wengi wakienda Moroko ni Marrakech, Casablanca, picha na ngamia kwenye mchanga wa Merzouga, basi, wamemaliza nchi. Sasa wewe unayetaka milima ila hutaki foleni ya watu kule Toubkal, mlima mrefu kuliko yote Moroko, nenda Jbel Saghro. Ni safu ya milima kusini mashariki, upande wa kaskazini lipo bonde la Dadès na ng'ambo yake milima ya Atlas Kuu, kusini magharibi bonde la Draa, ukishavuka tu mgongo wa mlima unaona nchi inaanza kufunguka kuelekea Sahara. Mawe tupu, minara ya miamba iliyoachwa na volkano za zamani, na ukimya ambao mtu wa Kariakoo siku ya kwanza utamsumbua.

Kanuni yangu ni moja tu, panga safari kwa kalenda ya wafugaji wa kule, sio kwa kalenda ya likizo yako. Wenyeji ni Ait Atta, kabila la Waberber (wenyewe wanajiita Imazighen, na ukiwaita hivyo wanafurahi), na wale wanaohamahama mpaka leo wanakaa Saghro na mbuzi na kondoo wao majira ya baridi, ikifika kama Mei wanahamisha kila kitu kwenda malisho ya juu Atlas Kuu, vuli wanarudi. Kwa hiyo ukifika ukaona mahema meusi yapo, umekuja wakati wake. Ukikuta hakuna mtu wala mbuzi, jiulize wenye mlima wamekimbia nini.

Lini uende

Oktoba mpaka Aprili. Kiangazi cha kule (Juni mpaka Agosti) usijaribu, mabonde ya kusini joto linapita nyuzi 40 na kivuli hakuna. Desemba na Januari mchana jua zuri kabisa unatembea na shati, likizama tu jua baridi inashuka chini ya sifuri na maji kwenye chupa yanaganda ukiyaacha nje ya hema, juu kwenye vilele theluji inaweza kuanguka. Mimi ningekwambia Februari mwishoni kuingia Machi, milozi inachanua kwenye vijiji, maua meupe na ya pinki katikati ya mawe meusi, hapo hata simu mbovu inatoa picha.

Ukavu wenyewe una sababu yake. Mawingu ya Atlantiki yanagonga Atlas Kuu kwanza yanamwaga mvua kule, Saghro ipo nyuma yake inabakiziwa makombo, kama milimita 100 kwa mwaka kwenye miteremko ya kusini na kama 300 kule vileleni. Dar inapata zaidi ya 1,000, sasa pima mwenyewe. Na Moroko imepitia miaka mfululizo ya ukame, hali ilifika mahali Februari 2025 Mfalme Mohammed VI akaomba wananchi wasichinje kondoo Idi ile ya kuchinja kwa sababu mifugo imepungua vibaya. Kwa hiyo mfugaji akikukaribisha maziwa au nyama ujue kakupa kitu kizito.

Ila ukavu usikudanganye. Mvua ikija inakuja yote kwa mpigo na ardhi ya mawe hainywi maji. Septemba 2024 kusini kule yalitokea mafuriko, watu wakafa eneo la Tata, na ziwa Iriqui lililokuwa kavu kwa miaka kama 50 likajaa maji. Kwa hiyo usipige hema kwenye mkondo wa mto mkavu hata kama mchanga wake ni laini unaita, ukiona mawingu mbali milimani ndio kabisa panda juu, mvua sio lazima ikunyeshee wewe ndio maji yakufuate.

Mwili na begi

Kilele kirefu ni Amalou n'Mansour, mita 2,712, yaani karibu sawasawa na pale kibanda cha Mandara Kilimanjaro, kwa hiyo ugonjwa wa mwinuko kwa wengi sio ishu. Kinachomaliza watu ni hewa kavu, midomo inapasuka siku ya pili na unakuwa umeishiwa maji mwilini bila kuona jasho. Beba mafuta ya midomo, losheni ya jua, kofia pana ya mchana na mzula wa usiku, jaketi la maana, glavu, slipingi begi inayohimili chini ya sifuri, tochi ya kichwani, pawabenki. Viatu viwe vimeshazoea mguu wako na soli ngumu, njia nyingi ni kokoto kali zenye ncha. Hela utoe mapema mjini, Boumalne au Kelaat M'Gouna, ukishaingia mlimani ni dirham za mkononi tu, na chukua noti ndogo ndogo.

Njia yenyewe na maji

Kutoka Marrakech unapanda basi la Ouarzazate, kama kilomita 200 lakini linapita Tizi n'Tichka, njia ya kuvukia milima iliyo juu mita 2,260, kona juu ya kona, mwenye kichefuchefu akae mbele. Kutoka Ouarzazate unaendelea Kelaat M'Gouna au Boumalne Dadès. Wengi wanaanzia upande huu wa kaskazini, maeneo ya Tagdilt, wanavuka mgongo wa mlima, wanashuka Igli, wanapita Bab n'Ali, ile miamba miwili iliyosimama kama miimo ya mlango, wanatokea N'Kob kusini. Siku nne mpaka sita kutegemea na miguu yako. Asiye na muda kuna barabara ya gari inayopita Tizi n'Tazazert, juu kule karibu mita 2,200, inatoka Iknioun mpaka N'Kob, ila uwe na gari la juu na dereva anayeijua.

Usiende peke yako na ramani ya simu. Sio kwamba njia ni ngumu sana, shida ni maji. Chemchemi iliyopo kwenye ramani inaweza kuwa imekauka tangu mwaka juzi, na anayejua ipi bado inatoka ni mtu wa hapo. Chukua mwongoza wageni mwenye kitambulisho cha serikali cha milima, wengi wao wamesomea kituo cha Tabant, bonde la Aït Bouguemez, halafu mzigo anabeba nyumbu (yule wa punda na farasi, sio wa Serengeti) na mwenye nyumbu wake. Kubalianeni bei kabla ya kuondoka, na uliza chakula cha mwenye nyumbu kimo kwenye bei au la, hapo ndipo ugomvi huwa unatokea siku ya mwisho. Maji ya chemchemi yachemshe au weka vidonge, mbuzi nao wanakunywa hapo hapo.

Kuishi na wenyeji

Hema lao ni la kusokota, wanawake wanafuma manyoya ya mbuzi na ngamia yanakuwa kitambaa kizito cheusi. Usilikaribie moja kwa moja. Simama mbali, ita, subiri mtu atoke, maana mbwa wa wafugaji hawana utani na mgeni. "Salamu alaykum" inatosha kabisa, ukiongeza "azul" ya Kitamazight, lugha yao, utaona uso unabadilika, na kushukuru ni "tanmirt". Mwanamke mtu mzima mwite Lalla, mwanaume Sidi. Picha omba kwanza, hasa wanawake, ukikataliwa ndio imeisha hiyo.

Chai utapewa, usikatae. Inachemshwa kwenye birika dogo juu ya makaa ya vichaka, majani ya kijani, bonge la sukari lililovunjwa kutoka kwenye ile sukari yao ngumu ya umbo la koni, wakati wa baridi mnanaa ukikosekana wanatia chiba, jani chungu kiasi. Anamimina glasi ya kwanza, anairudisha kwenye birika, anamimina tena kutoka juu mpaka povu lijae, anaonja, ndio unapewa wewe. Inachukua muda na huo muda ndio mazungumzo yenyewe, mwenye haraka anaonekana hana adabu.

Ukiwa upande wa Iknioun mwombe mwongozaji akuonyeshe Bougafer. Hapo mwaka 1933, Februari mpaka Machi, Ait Atta chini ya Assou Oubasslam walijichimbia kwenye majabali na familia zao na mifugo wakapigana na jeshi la Wafaransa lenye mizinga na ndege. Kapteni Bournazel, aliyekuwa na jina kubwa jeshini kwao, aliuawa pale. Wanawake walikuwemo vitani. Wafaransa waliposhindwa kuwatoa kwa nguvu wakawazingira na kuwabania maji, na tarehe 25 Machi Assou akakubali kushuka kwa masharti, mojawapo wasiwekwe chini ya Glaoui, yule bwana mkubwa wa Marrakech. Ukishatembea huko na koo kavu nusu siku utaelewa kwa nini maji ndio yaliamua.

Jambo la mwisho kwa Waislamu na wasio Waislamu pia, miaka hii Ramadhani inaangukia hapo hapo kwenye msimu wa kutembea, Februari, halafu Januari kadiri miaka inavyokwenda. Inawezekana kwenda, ila mwongozaji na mwenye nyumbu wamefunga, kwa hiyo panga siku fupi, anzeni alfajiri mfike kambini mapema.

Kutoka N'Kob kurudi unapanda teksi kubwa za abiria sita kupitia Agdz mpaka Ouarzazate. Haziondoki mpaka zijae, asubuhi zinajaa haraka, jioni utasubiri sana au ulipie viti vilivyobaki.