Kabla ya kushindana na bastola unayotembea nayo kila siku

Mashindano ya kirafiki ya bastola, hasa yale ya IDPA (chama cha kimataifa cha upigaji bastola wa kujilinda) yaliyoanza Marekani mwaka 1996 na sasa yana klabu hata Kenya, humfaa sana mwenye leseni anayetembea na bastola ndani ya nguo. Sharti ni moja: aende na vifaa vyake vya kawaida. Ukiazima bastola ndefu na mkanda wa mashindano utapata alama nzuri, ila hutajua kama ile ndogo ya kiunoni inatoka vizuri shati linapoilalia.

Anza na karatasi. Angalia leseni haijaisha, na kama uko Kenya, soma kiasi cha risasi ambacho cheti chako kinakuruhusu kununua na kukaa nacho. Hatua moja ya IDPA, yaani zoezi moja la kupiga shabaha kwa kupimwa muda, haizidi risasi 18, kwa hiyo mashindano ya hatua 5 au 6 hula takriban 100. Beba 150, kwa sababu shabaha iliyokosewa hurudiwa.

Magazini, yaani vibebeo vya risasi vinavyoingia kwenye mpini, ndizo huwaangusha wengi. Bastola ya risasi 6 yenye magazini tatu inakupa 19, ukihesabu ile ya kwenye chemba, mahali risasi hukaa tayari kufyatuliwa. Ukikosa mara mbili umeishiwa katikati ya hatua. Waulize waandaaji mapema kama ya nne inaruhusiwa.

Holsta, yaani mfuko wa kubebea bastola, ikaguliwe kwa makini kuliko kitu kingine chochote. Ifunike triga yote, na mdomo wake ubaki wazi bastola ikitoka. Ngozi laini hujikunja, na mkunjo ule au ncha ya shati ukiingia kwenye triga wakati wa kurudisha bastola, risasi inatoka kuelekea pajani. Ndiyo maana urudishaji haufanywi kwa haraka: vuta nguo pembeni, tazama holsta, kidole kikiwa kimenyooka ubavuni mwa bastola. IDPA haikubali holsta za begani, za kifundo cha mguu wala za katikati ya mgongo. Kama unabeba mbele ya tumbo, pata jibu la klabu kabla ya kufunga safari.

Vaa shati au koti lako la kazini. Vile vizibao vyepesi vya wavuvi ambavyo washindani hupenda vinafunguka upesi mno, vinakudanganya.

Wiki moja kabla, fanya mazoezi makavu, yaani bila risasi, nyumbani dakika 10 kila siku, risasi zikiwa zimefungiwa chumba kingine na chemba ikikaguliwa mara mbili, kwa jicho na kwa kidole. Mkono dhaifu unainua nguo, mkono wenye nguvu unashika mpini kikamilifu kabla bastola haijatoka, mikono inakutana mbele ya kifua, kisha inasukuma kuelekea shabaha. Mshiko ukiwa mbaya ndani ya holsta hautarekebishika njiani. Bastola nyepesi ikishikwa kilegevu hukwama, kwa kuwa slaidi, kile chuma cha juu ya bastola, haipati kitu cha kuegemea irudi nyuma sawasawa.

Ufikapo uwanjani, usiiguse bastola yako kwenye maegesho, hata kuitoa risasi tu. Viwanja hivi vingi ni baridi, yaani hakuna silaha yenye risasi mpaka msimamizi akuamuru. Mwambie umefika ukiwa umebeba, naye atakupeleka mahali pa kuitoa risasi. Kwenye eneo la usalama unaweza kushika bastola, lakini risasi haziguswi hapo kamwe, hata zile za mazoezi za plastiki.

Miwani ya kinga, vikinga masikio, kofia, maji na mfuko wa huduma ya kwanza wenye kamba ya kufunga mshipa unaovuja damu ni lazima. Mtutu wako ukigeuka nyuma kupita mstari wa nyuzi 180, unatolewa mashindanoni siku hiyo.

Usikimbizane na saa. Duara la katikati ya shabaha, la sentimita 20, halina adhabu, nje yake unaongezewa sekunde 1 au 3, na kupiga shabaha inayowakilisha asiye adui ni sekunde 5. Hapo ndipo faida yenyewe ilipo: kulenga, kubadilisha magazini na kuondoa kukwama huku mlio wa taima ukikusukuma. Uamuzi wa kufyatua au kutofyatua mtaani haupimwi hapa, maana hatua umeshaelezwa kabla ya kuanza. Sheria ya kujilinda isome kwingine.

Tenga magazini za mashindano na za ulinzi, uziwekee alama. Zilizoanguka vumbini zifunguliwe na kufutwa kabla ya kubebwa tena. Risasi ya ulinzi iliyoingizwa chembani mara nyingi iangalie urefu ukiilinganisha na mpya: kichwa kikiwa kimezama ndani ya ganda, shinikizo hupanda kupita kiasi, usiirudishe kwenye bastola.