Ramani ya kutembea Mji Mkongwe: nini kionekane, nini kitoke

Ukivuta data ya Mji Mkongwe, Zanzibar, kutoka OpenStreetMap (ramani huria inayochorwa na watu wa kujitolea) ukaifungua kwenye QGIS (programu ya kutengeneza ramani), cha kwanza utakachokiona ni vurugu, hoteli, maduka ya vinyago, ATM, miti, majina yamelaliana juu ya majina, na mtu anayetaka tu kutoka sokoni Darajani mpaka bustani ya Forodhani kwa miguu hapati kitu hapo. Kazi kubwa ya ramani ya kutembea iko kwenye kuchagua, rangi zinakuja baadae. Mimi nafanya hivi.

Hatua ya 1: karatasi na skeli kwanza. Wengi wanaiacha mwisho na ndo maana ramani zao hazisomeki. Mji Mkongwe unaenea kwenye A4 kwa 1:5,000, yaani milimita 1 ya karatasi ni mita 5 za ardhini. Sasa piga hesabu: alama ya msikiti yenye milimita 3 inakula mita 15 za mtaa, kwa hiyo vitu viwili vilivyokaribiana kuliko hapo vitagongana tu, kimoja kitoke. Na kichochoro cha mita 2 ukikichora kwa upana wake halisi ni milimita 0.4, chembamba mno kusomeka vizuri, lazima ukinenepeshe.

Hatua ya 2: njia. Hapa usiwe na haraka. Vuta highway zote (ndo lebo ya OpenStreetMap kwa njia za kila aina, si barabara kuu tu) kwa QuickOSM, kiongezi cha QGIS cha kuvuta data hiyo, alafu ziulize swali moja, mguu unapita? Zenye lebo footway, pedestrian, path, residential, service zinabaki, zenye access=private toa manake ule ni ua wa mtu. Ngazi (highway=steps) zipe mchoro wake peke yake, mzee au mama mwenye kigari cha mtoto anataka kujua kabla hajafika. Creek Road iache ionekane ingawa ni ya magari, ndo mpaka wa mji upande wa mashariki na lazima mtu aivuke.

Vichochoro visivyotokea popote ndo watu wanavifuta haraka, wanasema havina faida. Subiri kwanza. Mtu akiambiwa "kata kulia uchochoro wa pili" anahesabu midomo ya vichochoro, hajui upi unatokea na upi umeziba, ukifuta ule ulioziba hesabu yake inaharibika na anaingia kwingine. Mimi naacha kipande kifupi tu, milimita kadhaa, kisha mwisho wake naweka kistari cha kukatiza.

Na kuna wikio, pale nyumba imepita juu ya njia na watu wanapita chini yake. Kwenye data utazikuta na tunnel=building_passage au covered=yes. Leya ya majengo ikikaa juu, njia inafichwa na ramani inaonekana kama imeziba, kumbe watu wanapita hapo kutwa nzima. Ipandishe njia hiyo juu ya majengo, ichore kwa nukta.

Hatua ya 3: majengo. Kijivu hafifu, bila mistari ya pembeni, bila majina. Vichochoro vyenyewe vinajitokeza vyeupe, inatosha.

Hatua ya 4: alama za kujuana. Kila kitu nakipitisha kwenye maswali mawili, ukisimama kwenye njia panda unakiona? na ukimuuliza mtu aliyekaa barazani anakijua? Minara Miwili (kanisa la Mtakatifu Joseph) inapita, Ngome Kongwe inapita, kanisa la Mkunazini linapita, na Jaws Corner kule Sokomuhogo inapita kuliko zote manake vichochoro vinakutana pale na watu wapo kwenye kahawa, kuuliza ni rahisi. Beit al-Ajaib, jumba la sultani la 1883, iweke kama alama ya kujielekeza, ila usiipe ikoni ya makumbusho kama hujaenda kuhakikisha mwenyewe kwamba mlango uko wazi, sehemu yake ilibomoka Disemba 2020. Kumbuka pia ndani ya vichochoro kuta ni ndefu na mnara hauonekani mpaka uwe karibu, kwa hiyo usitegemee minara peke yake, tafuta vitu vya chini, msikiti wa kona, mti mkubwa, uwanja mdogo.

Majina ya mitaa, Kiponda, Hurumzi, Malindi, Shangani, Kajificheni, yaandike makubwa kwa rangi hafifu, wenyeji wanaelekeza kwa mtaa. Ya barabara chagua machache, Kenyatta na Gizenga zinatosha.

Hoteli mimi natoa zote. Ukiweka moja wenye nyingine watauliza kwa nini, ukiweka zote ramani imekufa.

Hatua ya 5: choo, maji, benki. Weka kile ulichokwenda ukakikuta kinafanya kazi, basi.

Hatua ya 6: print nyeusi na nyeupe, saizi ileile ya mwisho, usijaribu kwenye skrini kwa sababu kwenye skrini unazum na kila kitu kinasomeka. Mpe mgeni wa mji, mwambie aende Forodhani, wewe fuata nyuma, funga mdomo. Anaposimama na kuigeuza karatasi, hapo pana kitu kimekosekana, andika. Alama ambayo hajaitazama njia nzima, ifute.

Ukimaliza, pembeni chini andika mwezi na mwaka wa data, pamoja na © wachangiaji wa OpenStreetMap, leseni yao inataka uwataje hata kama unagawa bure.