Kutazama kazi za wino za Toko Shinoda: anza na ukingo wa mstari

Mbele ya kazi ya Toko Shinoda, msanii wa Kijapani, watu wengi huuliza, "Hiki ni kitu gani?" Swali hilo halifiki mbali. Uliza brashi iliingilia wapi, ilibeba maji kiasi gani, na iliinuliwa wapi. Shinoda (1913–2021) alianza na mwandiko wa brashi wa Kijapani, kisha akayavunja maumbo ya herufi mpaka yakabaki mapande machache ya weusi, mistari myembamba na nafasi kubwa tupu. Usihangaike kutafuta neno lililofichwa. Hata Mjapani mara nyingi hana cha kusoma hapo.

Simama mita 3 hivi nyuma, uitazame yote kwa dakika mbili bila kusoma kibandiko cha ukutani. Anza na weupe: umebanwa wapi, umeachiwa wapi? Fumba jicho moja, uzibe mstari mmoja kwa kidole gumba. Kazi ikionekana kuelemea upande, umeshajua mstari ule ulikuwa unashikilia nini.

Sasa sogea mpaka nusu mita. Utamu uko hapa. Sumi, yaani wino wenyewe, ni masizi yaliyochanganywa na gundi ya wanyama na kukaushwa kuwa kipande kigumu, ambacho husuguliwa kwa maji juu ya jiwe. Masizi ya mafuta ya mimea hutoa weusi unaoelekea hudhurungi. Ya msonobari huelekea buluu, na tofauti huonekana zaidi wino ukizimuliwa. Karatasi inayonyonya maji huufanya ukingo utawanyike kama ukungu: hiyo ni nijimi. Brashi inayokaribia kukauka, au inayokwenda mbio, huacha michirizi yenye mianya ya weupe: hiyo ni kasure. Mstari ukianza na unyevu na kuishia na michirizi, umeuona mwendo wake na upande ulikoelekea. Mistari miwili ikipishana, kagua makutano: ukingo uliolainika maana yake wa chini ulikuwa bado mbichi, ukingo mkali, ulishakauka.

Aliyezoea hati za Kiarabu za kalamu ya mwanzi ajihadhari. Mwanzi hubadili unene kwa pembe ya ncha. Brashi hubadili kwa mgandamizo, kwa hiyo sehemu nene huonyesha mkono ulipolala.

Hewa nayo ina mkono wake. Shinoda alikwenda New York mwaka 1956, akakuta ukavu wa huko unakausha wino kabla haujatawanyika. Mwaka 1958 alikuwa amerudi Japani, kwenye unyevu ambao sumi inautaka.

Kazi zilizochorwa juu ya tabaka jembamba sana la fedha, dhahabu au platini hazitazamwi ukiwa umesimama mahali pamoja. Tembea polepole kushoto kulia. Metali hung'aa na kufifia, na mstari uleule huonekana mara mweusi kabisa, mara wa kijivu.

Litografia zake, yaani picha zilizochapwa kutoka kwenye jiwe au bamba, ndizo zinazowachanganya wanunuzi. Nyingi zilichapwa kwanza, kisha yeye akaongeza mpigo wa brashi kwa mkono, labda mwekundu au wa fedha. Kwa sababu hiyo nakala mbili za toleo moja hazilingani kabisa, na tofauti hiyo si kasoro. Tazama nakala kutoka ubavuni: sehemu iliyochapwa imelala sare, ya mkono huonyesha rangi ilipojikusanya mwishoni mwa mpigo.

Picha ya simu huua kijivu. Kamera huongeza weusi na kufuta nijimi. Nyumbani, weka karatasi ya pambizo (karatasi nene inayozunguka kingo za kazi) ndani ya fremu ili kazi isigusane na kioo, maana penye unyevu hunata na kuota ukungu. Itundike mbali na dirisha, kwa mwanga hafifu, takribani laksi 50 (laksi ni kipimo cha mwanga). Weusi wa masizi haupauki kirahisi; karatasi ndiyo inayogeuka manjano, na hapo weupe wote uliopimwa mwanzo unaharibika.